Viendelezi vya Chrome na Firefox kwenye kivinjari mbadala: kipi kinabeba nini?

Vivinjari mbadala vinapojinadi, mstari mmoja haukosekani: viendelezi vya Chrome vinafanya kazi humu. Mara nyingi si uongo. Ila Brave na Orion, kwa mfano, wakitamka maneno hayo hawazungumzii jambo moja, na tofauti hiyo huigundui mpaka siku kitunza manenosiri kinapokaa kimya mbele ya fomu ya kuingia, au kizuia matangazo kinapozuia nusu na kuachia nusu.

Ziko njia tatu za kivinjari kushughulikia kiendelezi kilichoandikwa kwa ajili ya kivinjari kingine. Ya kwanza ni kutumia injini ileile, yaani sehemu ya kivinjari inayosoma na kuchora kurasa, hivyo kiendelezi hakioni tofauti kubwa. Ya pili ni kubaki na injini nyingine na kuandika upya miito yote, yaani maombi ambayo kiendelezi hukitumia kivinjari ili kifanye kazi fulani: kusoma vichupo, kuhifadhi data, kukatiza maombi yanayokwenda mtandaoni, kuonyesha dirisha dogo pembeni. Ya tatu ni kutokipokea kabisa, na badala yake kujenga kazi yake ndani ya kivinjari chenyewe. Vivinjari vingi huchanganya njia hizi, kwa hiyo swali la kuuliza ni lipi kati ya hayo matatu linakihusu kile kiendelezi usichoweza kukiacha.

Ndiyo maana kabla ya kulinganisha lolote, fungua ukurasa wa viendelezi kwenye kivinjari unachotumia sasa na uondoe kila ambacho hukumbuki ulikiweka kwa nini. Kwa watu wengi hubaki vitatu: kizuia matangazo, kitunza manenosiri, na kimoja cha ajabuajabu ambacho kazi haiendi bila hicho. Ulinganisho wote hapa chini unahusu hivyo vitatu.

Ukoo wa Chromium: Brave, Vivaldi, Opera, Edge

Hawa wote wamejengwa juu ya Chromium, msimbo huria ambao Chrome yenyewe imejengwa juu yake. Opera ilihamia huko mwaka 2013, Edge mwezi Januari 2020. Brave ilianza na msingi wake tofauti uliokubali viendelezi vichache tu, na mwaka 2018 ikaamua kujenga upya juu ya Chromium. Tangu hapo karibu kila kilichomo kwenye duka la Chrome husakinika humo. Ukitaka ushahidi kwamba njia ya kuandika miito upya ni nzito, huo unatosha: kampuni nzima ilichoka nayo.

Kusakinisha ni rahisi. Kwenye Brave na Vivaldi unafungua duka la Chrome na kubofya kama kawaida. Edge ina duka lake, lakini ukiruhusu viendelezi kutoka maduka mengine, la Chrome nalo linafunguka. Ugumu uko kwa ungoogled-chromium, toleo lililoondolewa kila kinachowasiliana na Google, duka likiwemo. Humo itabidi upakue faili la kiendelezi wewe mwenyewe au uweke kiendelezi maalumu cha kukusaidia kusakinisha na kusasisha vingine. Kwa mtu anayejua anachofanya ni sawa. Kwa asiyetaka kufuatilia masasisho kwa mkono, simshauri, kwa sababu kiendelezi kilichobaki nyuma kwa matoleo kadhaa ni hatari kuliko kutokuwa nacho.

Kwa hiyo ndani ya ukoo huu viendelezi huharibika wapi? Mahali pa kwanza ni akaunti ya Google. Chrome huwapa viendelezi mwito wa kupata idhini moja kwa moja kutoka kwenye akaunti uliyoingia nayo kwenye kivinjari. Brave na Vivaldi hazina akaunti hiyo ndani yake, basi kiendelezi kilichoegemea mwito huo pekee mara nyingi hubonyezwa na kisifanye lolote. Viendelezi vya kalenda, barua pepe na majedwali ndivyo vinavyoathirika zaidi. Aliyekiandika akiwa makini, ametumia njia nyingine inayofungua ukurasa wa kawaida wa kuingia, na hiyo hufanya kazi popote. Kwa macho huwezi kuvitofautisha, hadi ujaribu.

Mahali pa pili ni sura ya kivinjari. Vivaldi imejichorea vichupo, paneli na upau wake yenyewe, na ina mengi ya ndani: vichupo vya wima, kugawa skrini, ishara za kipanya, daftari. Kiendelezi kinachopanga vichupo upya kinaweza kugongana na mpangilio wa Vivaldi. Lakini hapo ndipo ninapoona watu wanakosea hesabu: wanahamia Vivaldi na viendelezi vinne vya kupanga vichupo, ilhali kazi ya vyote vinne iko kwenye mipangilio.

Kati ya hawa wanne, ukiniuliza kwa viendelezi peke yake, Brave na Vivaldi vinatangulia. Edge inafaa kama kazini kwako kila kitu ni cha Microsoft. Opera nayo inafanya kazi, ila sijaona jambo la viendelezi ambalo inalifanya vizuri kuliko hizo nyingine.

Manifest V3, au kwa nini kizuia matangazo ndicho kipimo

Kila kiendelezi huja na faili linaloeleza kina ruhusa gani na kimeandikwa kwa kanuni za toleo gani. Kwa miaka mingi toleo lilikuwa la pili. Google ikaleta la tatu, Manifest V3, ikaanza kuzima viendelezi vya toleo la pili kwenye Chrome mwaka 2024, na mwaka 2025 ikafunga mlango kabisa.

Viendelezi vingi vilivuka bila mtumiaji kujua. Vizuia matangazo havikuvuka vizima. Chini ya kanuni za zamani, mwito unaoitwa webRequest ulikiruhusu kiendelezi kusimamisha kila ombi linalotoka kwenye ukurasa, kulichunguza, kisha kuamua lipite au lisipite. Chini ya kanuni mpya za Chrome, kiendelezi cha kawaida hakisimamishi tena chochote. Kinakabidhi orodha ya kanuni kwa kivinjari, na kivinjari ndicho kinachozuia. Mwito huo mpya ni declarativeNetRequest. Kila kiendelezi kimehakikishiwa nafasi ya kanuni 30,000 zinazokuja nacho, na zaidi ya hapo kinashindania akiba ya pamoja na viendelezi vingine. Google inatoa sababu za usalama na kasi, na si sababu za kupuuza: kiendelezi kinachoona kila ombi lako kinaona mengi mno. Lakini kizuizi kinachoweza kufikiri papo hapo hakilingani na orodha iliyoandikwa kabla.

Ndipo kizuia matangazo maarufu, uBlock Origin, kikawa na matoleo mawili. Ile nzima ni ya kanuni za zamani. Ile iitwayo uBlock Origin Lite imeandikwa kwa kanuni mpya, na mwandishi wake mwenyewe hajawahi kudai kwamba ni kitu kilekile. Kwa kusoma habari na kutazama video, wengi hawataona tofauti. Anayeandika vichujio (kanuni za kuzuia) vyake mwenyewe, anayezuia tovuti kwa tovuti msimbo unaoletwa kutoka tovuti nyingine, ataiona siku ileile.

Sasa rudi kwenye ukoo wa Chromium. Wote wanapokea msimbo unaotoka Google, na Google ikiondoa jambo, kulibakiza ni kazi ya kila toleo jipya. Brave walitangaza kwamba wataendelea kuhudumia viendelezi vinne tu vya kanuni za zamani: uBlock Origin, AdGuard, NoScript na uMatrix. Vinne, kwa majina. Cha tano hakimo. Jibu lao la kudumu ni lile la njia ya tatu: kizuizi chao kiitwacho Shields kimeandikwa kwa lugha ya programu iitwayo Rust ndani ya kivinjari, hivyo hakiguswi na kanuni za viendelezi. Vivaldi na Opera nazo zina vizuizi vya ndani. Cha Brave ndicho ninachokiamini zaidi kati ya hivyo, na ukikitumia vizuri hutahitaji kiendelezi cha kuzuia matangazo juu yake. Viwili kwa pamoja huleta kurasa zilizovunjika na usijue umlaumu nani.

Firefox na watoto wake

Firefox haisakinishi kutoka duka la Chrome, na hili huwakatisha tamaa watu kabla hawajaangalia vizuri. Tangu Firefox 57 ya Novemba 2017, viendelezi vyake vinaandikwa kwa mfumo unaofanana sana na wa Chrome, uitwao WebExtensions. Mwandishi mwenye kiendelezi cha Chrome mara nyingi hubadilisha machache tu na kukipeleka kwenye duka la Mozilla. Ndiyo maana vile maarufu karibu vyote viko pande zote mbili. Hata Firefox inapoingiza alamisho zako kutoka Chrome, inaweza kutafuta viendelezi vyenye pacha upande wake na kukusakinishia.

Bei ya mfumo huo ililipwa 2017. Viendelezi vya zamani vya Firefox, vilivyoweza kubadilisha karibu kila kona ya kivinjari, vilikufa kwa pamoja siku moja. Wapo ambao hawajasamehe mpaka leo, nao ndio wateja wa Pale Moon, kivinjari kilichotokana na Firefox, ambacho kilibaki na mfumo wa zamani na hakipokei WebExtensions hata kidogo. Ninawaelewa, ila siwezi kumshauri mtu mpya aingie huko kwa sababu ya viendelezi: dunia ya waandishi imehama.

Kinachoitofautisha Firefox ni yale ambayo haikuyaondoa. Inakubali Manifest V3, lakini imebakiza kanuni za zamani pia, na hata ndani ya V3 inaruhusu kiendelezi kusimamisha maombi. uBlock Origin nzima inafanya kazi humo vizuri kuliko ilivyowahi kufanya ndani ya Chrome, hata enzi Chrome ilipokuwa inaikubali. Firefox hukiruhusu kiendelezi kuuliza jina la tovuti linaelekea wapi hasa, hivyo kinawanasa wafuatiliaji wanaojificha chini ya jina la tovuti unayoitembelea. Hukiruhusu kuhariri maandishi ya ukurasa kabla hayajachorwa. Na ina vyumba tofauti vya vichupo, ambapo unaingia kwa akaunti mbili za tovuti moja kwa wakati mmoja bila kuchanganyika. Chrome haina mwito wa kazi hiyo.

Upande wa hasara ni vile viendelezi vya kazini. Kampuni inayotengeneza kiendelezi cha kurekodi mikutano au cha kujaza mfumo wake wa mauzo mara nyingi huandika cha Chrome na kuishia hapo. Kukigeuza mwenyewe inawezekana kwa kukipakia kwa muda kupitia ukurasa wa uchunguzi wa Firefox, lakini ukizima kivinjari kinatoweka, kwa sababu toleo la kawaida hudai kila kiendelezi kiwe kimetiwa saini na Mozilla. Matoleo ya wasanidi programu na yale ya taasisi yanaweza kuzimiwa sharti hilo.

LibreWolf, Floorp na Zen, vivinjari vilivyojengwa juu ya Firefox, hurithi duka la Mozilla pamoja na uwezo huo wote. LibreWolf huja na uBlock Origin tayari. Tor Browser, kivinjari cha kuficha utambulisho, nacho cha ukoo huu, ni jambo jingine: kitaalamu kiendelezi kitaingia, ila waundaji wake wanakusihi usiongeze chochote, kwa kuwa usalama wake unategemea watumiaji wote kufanana, na kiendelezi kimoja cha ziada kinakufanya utambulike kati yao. Hapo kuuliza "kinakubali viendelezi vingapi?" ni kupotea njia.

Walioandika upya: Orion, Safari, GNOME Web

Orion ya kampuni ya Kagi ndiyo yenye ahadi kubwa kuliko zote: imejengwa juu ya WebKit, injini ya Safari, na inapokea viendelezi kutoka duka la Chrome na la Firefox pia, kwenye Mac, iPhone na iPad. Nasisitiza iPhone, maana huko hata Chrome yenyewe haina viendelezi vya Chrome.

Ahadi hiyo inatimizwa kwa kuandika miito upya, mmoja baada ya mwingine, juu ya injini ambayo haikuumbwa kwa ajili hiyo. Matokeo ni kwamba kiendelezi kinasakinika bila malalamiko, kikiita kitu kilichoandikwa kinafanya kazi, kikiita kisichoandikwa kinanyamaza. Kinachobadilisha rangi za kurasa au kuongeza kitufe hakina shida kubwa. Kinachohitaji miito mingi kwa pamoja, kama kitunza manenosiri au kizuia matangazo kizito, hicho kipime kwa muda kabla ya kukitegemea. Orion ina kizuia matangazo cha ndani, na ningeanza na hicho.

Safari imechagua njia ya uangalifu zaidi. Tangu Safari 14 ya mwaka 2020 inakubali WebExtensions, na kwenye iPhone tangu iOS 15 ya mwaka 2021, lakini lazima mwandishi akifunge kiendelezi ndani ya programu na kukipeleka App Store, akiwa mwanachama wa mpango wa wasanidi wa Apple unaolipiwa dola 99 kwa mwaka. Kwa mtumiaji maana yake ni mbili. Vilivyomo vimepitiwa na hufanya kazi inavyotarajiwa. Lakini kile kidogo kilichoandikwa na mtu mmoja kwa kujitolea na kugawiwa bure, huyo mtu hana sababu ya kulipa ili akugawie, basi hakimo. Kusimamisha maombi pia hakuna, kwa hiyo uBlock Origin nzima haipo; Lite ndiyo iliyofika, mwaka 2025.

GNOME Web ya Linux ilianza kupokea WebExtensions kwenye toleo la 43, mwaka 2022, kama jaribio lililozimwa hadi uliwashe mwenyewe. Usikichague kwa ajili ya viendelezi. Kina mazuri mengine.

Na qutebrowser, kivinjari kinachopendwa na wanaoendesha kila kitu kwa kibodi, haipokei viendelezi vya Chrome wala vya Firefox. Ina kizuizi cha ndani kinachotumia maktaba ya Brave, na ina hati unazoweza kuandika mwenyewe. Falkon, kivinjari cha mradi wa KDE, ina viendelezi vyake pekee. Kama orodha yako ya vitatu ina kitu cha kazini, pita.

Kitunza manenosiri kina shida yake

Hiki nakitenga kwa sababu husumbua hata kwenye kivinjari chenye injini ileile. Vitunza manenosiri vinavyoishi mtandaoni, kama Bitwarden, vinahitaji kiendelezi tu. Vile vinavyozungumza na programu iliyosakinishwa kwenye kompyuta, kama KeePassXC, vinahitaji daraja: faili dogo linalokiambia kivinjari programu hiyo iko wapi na kiendelezi kipi kina ruhusa ya kuiita. Kila kivinjari hutafuta faili hilo kwenye folda yake.

KeePassXC ina orodha ya kutia alama vivinjari inavyovijua, vikiwemo Chrome, Firefox, Brave, Vivaldi, Edge na Tor Browser. Kivinjari chako kisipokuwemo, utaelekeza folda kwa mkono. Na kwenye Linux, kivinjari kilichosakinishwa kama Flatpak, aina ya kifurushi cha programu, kimefungiwa kwenye boksi lake na kwa kawaida hakiruhusiwi kuita programu ya nje. Watu hulaumu kiendelezi, wanakifuta na kukirudisha, kumbe tatizo ni namna kivinjari kilivyosakinishwa. Sakinisha toleo linalotoka kwenye hazina ya programu ya mfumo wako na uone.

Usalama unaingia wapi

Kivinjari kinachokubali maduka mawili kinakubali pia hatari za maduka mawili. The Great Suspender, kiendelezi kilichopendwa cha kulaza vichupo, kiliuzwa kwa mmiliki mwingine mwaka 2020, na Februari 2021 Google ikakiondoa kwa kuwa na msimbo mbaya. Desemba 2024 akaunti ya kampuni ya usalama ya Cyberhaven kwenye duka la Chrome ilitekwa kwa barua pepe ya ulaghai, na sasisho lenye sumu likasambazwa kwa watumiaji wao. Sasisho kama hilo linaingia Brave na Vivaldi kwa mlango uleule linaoingilia Chrome.

Ndiyo maana nakipa kivinjari chenye kazi nyingi za ndani alama za ziada hata pale mahesabu ya viendelezi yanapokuwa sawa. Kila kiendelezi unachoacha ni mmiliki mmoja pungufu wa kufuatilia.

Kwenye simu

Hapa orodha ni fupi. Chrome ya Android haina viendelezi, wala Brave na Vivaldi za Android. Firefox ya Android ilifungua duka lake kwa viendelezi vyote vinavyofaa simu mwezi Desemba 2023, na uBlock Origin nzima imo. Kiwi, kivinjari kilichokuwa kimbilio la wanaotaka viendelezi vya Chrome kwenye Android, kilifungwa Januari 2025. Ukikikuta kwenye tovuti za kupakua, kiache, maana hakipati tena masasisho ya usalama. Edge ya Android ina viendelezi, vichache. Kwa Android, Firefox, bila kusita. Kwa iPhone, Safari kama unachohitaji kipo App Store, Orion kama hakipo na una subira.

Ukishaamua

Anayeishi kwa uBlock Origin na vichujio vyake aende Firefox au LibreWolf. Mwenye kiendelezi cha kazini cha Chrome pekee achukue Brave au Vivaldi, na akijaribu hicho kwanza kabla ya kuhamisha kitu kingine. Mwenye Mac anayetaka vyote viwili anaweza kuiweka Orion pembeni ya Safari, kwa majaribio.

Kisha kuna jambo ambalo zana za kuhamisha hazikwambii. Alamisho na manenosiri huhamishika. Data iliyo ndani ya kiendelezi haihamishiki. Vichujio vyako, mitindo uliyobadilisha, orodha ya tovuti ulizoruhusu, vyote vimehifadhiwa kwenye kivinjari cha zamani na havimfuati pacha wake. Kwenye uBlock Origin, fungua mipangilio na uhifadhi nakala kwenye faili. Viendelezi vingi vizuri vina kitufe kama hicho mahali fulani chini kabisa ya ukurasa wa mipangilio. Kisicho nacho, piga picha ya skrini ya kila ukurasa wake. Na usikiondoe kivinjari cha zamani mpaka umeliona kila faili likifunguka upande mpya.